Karatasi Mbili za Daftari Moja

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ukumbi, nikapewa keki, saa ya ukutani na hotuba tatu. Vijana ninaowaachia mitambo wakaniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, kwa sababu wao wana kompyuta inayofanya kila kitu isipokuwa kukumbuka. Habari za vyeo sitaandika. Vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuwa kile kile cha kwanza kilichopewa jina refu. Nitaandika kazi yenyewe ilivyokuwa.

Naitwa Kasiani Nyoni, wa mtaa wa Bombambili. Kwa wasionijua, mimi nilikuwa fundi mitambo wa ukumbi wa starehe hapa Songea. Yaani aliyeimba, aliyehutubia na aliyeoa, wote nilihakikisha wanasikika. Ukumbi ulikuwa chini ya kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Gama, mtu mwenye koti la kijivu na maneno machache. Aliyenifundisha kazi ni Fundi Ngonyani. Yeye alijifunza umeme kwa mabruda, watawa wa misheni ya Peramiho, na huko akapata ugonjwa wa kufika kazini robo saa kabla ya muda na kumhesabu kila aliyefika kwa wakati kuwa amechelewa.

Siku yangu ya kwanza nilifika kwa wakati. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anatazama saa, kisha akanipa pamba, chupa ya spiriti na penseli. Spiriti ya kusafishia hedi za deki ya kaseti, vile vichwa vinavyosoma kanda, penseli ya kukazia kanda iliyolegea. "Swichi huzigusi," akaniambia. "Wewe safisha." Nikasafisha hedi siku tisa mfululizo mpaka zikawa zinang'aa kuliko vijiko vya nyumbani kwangu. Siku ya kumi akanifundisha kukunja waya. Waya una upande unaopenda kujikunja wenyewe, na ukiulazimisha upande mwingine unakatika ndani kwa ndani. Utauona mzima, utaubusu ukitaka, na sauti haipiti. Vijana wangu, mambo mengi mnayoita matatizo ya kompyuta ni waya uliokunjwa vibaya.

Amplifaya yetu ilikuwa ya valvu, nzito kama gunia la mahindi, na ilihitaji muda wa kupata moto kabla ya kukubali kazi. Maikrofoni zilikuwa mbili. Moja tuliifunga leso na kuitenga kwa ajili ya wahutubiaji, maana viongozi hurusha mate kuliko waimbaji. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta na wa mgao, kwa hiyo bendi zikija Songea zilipiga alasiri, jua likiwa bado linaingia madirishani. Wageni kutoka Dar es Salaam walilalamika kwamba hawawezi kuimba mapenzi huku wanawaona watu wanavyotoka jasho. Baada ya nyimbo mbili walikuwa wanazoea.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ya nje ilipofunguliwa. Kabla yake mji mzima ulijua nani ana santuri ipi, na ukitaka kuisikiliza ilibidi uwe na adabu kwa mwenyewe. Ghafla madukani zikajaa redio kaseti kutoka Dubai na kanda za kila aina. Watu waliokuwa na albamu moja wakawa na kumi, na mtu mwenye albamu kumi hawezi kukaa kimya. Wapenzi wa muziki wakaanza kukutana ukumbini kila Jumamosi alasiri, kwa sababu spika zetu zilikuwa nzuri na Fundi Ngonyani alikuwa hajui kukataa, ingawa alijifanya anajua.

Sheria za kikao aliziweka Mwalimu Rwegasira, Mhaya aliyehamishiwa kwetu kufundisha sekondari. Kila Jumamosi mtu mmoja alileta kanda moja na kuchagua upande mmoja. Hakuna kuongea mpaka upande uishe. Ukiisha, mwenye kanda alilazimika kueleza aliisikia wapi mara ya kwanza. Hiyo sheria ya mwisho ndiyo iliyotuleta wote.

Mwalimu mwenyewe alileta rumba kutoka Zaire. Aliisikia akiwa kijana, kwenye meli ya ziwani, akienda chuoni kwa mara ya kwanza. Ziwa lilikuwa limechafuka, naye alitapika upande wote wa kwanza, kanda ilipogeuzwa akapona. Tangu siku hiyo aliamini kwamba albamu husikilizwa kwa mpangilio wake, wimbo baada ya wimbo, bila kuruka.

"Albamu ni mlo, jamani," alikuwa akisema. "Huli nyama ukamaliza ndiyo ukarudi kwenye ugali mkavu."

"Mwalimu, mimi kwangu naanza na nyama kila siku na sijafa," alijibu Bwana Shaibu.

Huyu Bwana Shaibu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, Myao wa Tunduru, na ugonjwa wake ulikuwa taarabu. Yake aliisikia arusini, alipotumwa kuleta barafu. Alipita karibu na jukwaa akasimama kidogo tu. Arusi ikaisha watu wamekunywa sharubati ya moto, na shemeji zake hawakumtuma tena popote. Aliisimulia hadithi hiyo kila alipoleta kanda, hata kama kanda ilikuwa nyingine kabisa, na hatukumkatiza.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuleta kanda. Alikuwa Mama Skolastika Haule, Mama Skola, mshonaji na jirani yangu Bombambili. Hakuwa hata na redio. Alikaa pembeni akipinda mikunjo ya sare za shule, akisikiliza. Mwanawe wa pekee, Benedikti, alikuwa kijana wa kwanza kuingia ukumbini kila bendi ilipokuja na wa mwisho kutoka. Homa ilimchukua kwa siku nne. Siku Mwalimu alipomwuliza Mama Skola atatuletea albamu gani, hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Albamu yangu mimi ni Bene, Mwalimu. Alikuwa akienda kuchota maji anaimba upande wa kwanza, akirudi anaimba wa pili. Majirani wote wanazijua zile nyimbo, na hakuna aliyenunua kanda."

Mwalimu akasema hiyo imepita, ni albamu. Tukaendelea na ya Bwana Shaibu.

Sasa niwaeleze siku ambayo nusura nisiwe na kazi ya kuwasimulia. Fundi Ngonyani alikuwa anakaribia kustaafu. Wakati huo huo akatokea tajiri mmoja na disko lake, taa za rangi na spika ndefu kuliko mlango, akataka kuukodi ukumbi mzima na kuleta mafundi wake. Kamati ikagawanyika. Mzee Gama akaniita, na Fundi Ngonyani akiwepo.

"Orchestra Kengele Sita wanakuja Novemba, Jumapili," akasema. "Hilo dansi ni lako, Kasiani. Fundi atakaa tu. Likienda vizuri, kazi ni yako. Likiharibika, mwenye disko anaanza Jumatatu."

Nilikuwa na mke na watoto wawili. Zaidi ya hapo nilikuwa na kishamba Mpitimbi ambacho nguruwe pori walikifahamu kuliko mimi. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilijaribu kila waya, nikabadilisha plagi, nikafunga leso mpya kwenye maikrofoni.

Nyinyi vijana hamkukuta utaratibu wa majina. Zamani, wimbo ukichemka, gitaa likipanda na watu wakiwa wamejaa katikati, mwimbaji aliwasalimu watu kwa majina. Ukitajwa ulinyoosha mkono, ukaja mbele ukacheza, na mji mzima ukakujua wiki nzima. Fundi mitambo ndiye aliyeandika orodha mapema na kumpelekea mwimbaji. Siku hiyo jina la kwanza lilikuwa la Mzee Gama. Alikuwa na wageni kutoka Mbinga, wazazi wa mkwe wake mtarajiwa, na alinikumbusha jina lake mara tatu kana kwamba ningeweza kulisahau.

Lakini Novemba kwetu Wakatoliki ni mwezi wa marehemu. Kila jumuiya ndogo ndogo huandika majina ya marehemu wake, orodha hupelekwa kwa katekista, nayo husomwa kanisani wakati wa misa za kuwaombea. Katibu wa jumuiya yetu Bombambili alikuwa nani? Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na katika nchi hii mwenye mwandiko mzuri hapumziki.

Basi Jumapili ile nilikuwa na karatasi mbili za daftari moja, kwa wino mmoja, zimekunjwa mara nne, ndani ya mfuko mmoja wa shati. Juu ya karatasi zenyewe sikuandika kichwa cha habari. Maneno "Marehemu wa Jumuiya" niliyaandika juu ya bahasha. Baada ya misa ya asubuhi nilitia karatasi moja ndani ya bahasha, nikamkabidhi katekista. Saa nane mchana nikampa ile nyingine kiongozi wa bendi, mwimbaji mwembamba waliyemwita Kapteni. Akaikunjua, akaniuliza majina mawili matatu ya ukoo yanavyotamkwa, nikamjibu bila kuitazama maana nilikuwa nashika waya wa spika. Hilo ndilo kosa langu, na nalisema kama lilivyo.

Saa moja ya kwanza ilikuwa tamu. Sauti ilikuwa safi, besi inagonga kifuani bila kutikisa madirisha. Fundi Ngonyani alikaa nyuma yangu na mikono kwapani, hakusema kitu, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Mzee Gama alikaa mstari wa mbele na wageni wake, koti limepigwa pasi. Wimbo wa nne ukachemka. Kapteni akatoa karatasi.

"Songea mpo? Namsalimia Benedikti Haule! Benedikti mtoto wa Bombambili, uko wapi? Nyoosha mkono nikuone!"

Nikapapasa mfuko, mtupu. Jukwaani Kapteni alikuwa anachungulia watu, mkono juu ya macho.

"Bene hayupo? Kaenda kununua soda? Akirudi mwambieni namtafuta! Haya, Agnesi Mapunda! Agnesi, mama wa watu, njoo ucheze!"

Agnesi tulikuwa tumemzika mwezi Machi. Watu wa mbele waliacha kucheza kwanza, kisha wa katikati. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Bendi haikujua kinachoendelea, ikazidi kupiga, kwa sababu bendi ikiona watu wamepoa huongeza moto. Mzee Gama aligeuza shingo, akanitazama. Nikanyoosha mkono nizime maikrofoni.

Fundi Ngonyani akaushika mkono wangu. Ndiyo mara pekee aliyonigusa kazini.

"Ukimzimia katikati ya majina, ndiyo umewafukuza," akanong'ona. "Subiri."

"Fundi, kazi yangu!"

"Nimekwambia subiri."

Upande wa dirishani akasimama Mama Skola. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, na uzi bado umemning'inia begani. Akanyoosha mkono juu kabisa, kama mtoto darasani.

"Benedikti yupo!" akaita. "Mimi ni mama yake, nimekuja badala yake!"

Akatoka mbele. Hakuwa anajua kucheza yule mama, alikuwa akihamisha uzito mguu hadi mguu, na mikono ameishika kifuani. Lakini alikuwa anaimba. Kila mstari aliujua, maana aliusikia kwa Bene akienda na kurudi kisimani. Kapteni akashuka jukwaani na maikrofoni yake kwenda kucheza naye, bado hajui. Kisha mume wa Agnesi akanyoosha mkono. Akafuata kijana aliyemwitikia babu yake. Kila jina lilipotajwa, mtu alisimama, akaenda mbele, na wengine wakampokea. Walikuwa wanacheza na wanalia, wengine wanacheka. Waislamu waliokuwemo, ambao ndugu zao hawakuwa kwenye orodha, walipiga makofi kwa kufuata besi.

Mwisho wa karatasi kulikuwa na jina la Yohana Nyoni, kwa sababu katibu hujiweka mwisho. Huyo ni baba yangu. Alikuwa mkulima asiyependa kelele, na hakuwahi kuja ukumbini hata siku moja kuona ninafanya kazi gani. Kapteni aliliita jina lake kwa sauti ile niliyoitengeneza mimi, likatoka kwenye spika zote. Mkono mmoja ulikuwa kwenye swichi. Nikanyoosha wa pili, na sikuona aibu kulia.

Ndipo nikakumbuka bahasha. Kama karatasi ya marehemu ilikuwa jukwaani, basi ya wachezaji ilikuwa kwa katekista, ikingoja misa ya Jumatatu alfajiri, na ya kwanza kabisa kuombewa pumziko la milele ilikuwa roho ya Mzee Gama. Kuondoka kwenye mitambo sikuweza. Mwalimu alikuwa katikati ya wachezaji. Aliyekuwa karibu ni Bwana Shaibu, na baiskeli yake ilikuwa mlangoni.

"Mimi niende kwa katekista nikadai marehemu?" akauliza. "Kasiani, nitaanzaje?"

"Anza na hodi."

Akaenda. Alituhadithia baadaye kwamba katekista alimpokea kwa furaha kubwa, akamkalisha, akamtolea chai, akifikiri Mola amemfungulia Bwana Shaibu mlango mwingine. Alipoeleza shida yake, katekista alivuta pumzi. Alikuwa ameshaifungua bahasha ili ayanakili majina kwenye kitabu, akashindwa kuendelea.

"Nilimwona Mzee Gama jana sokoni akibishania bei ya dagaa," alisema. "Nikasema, kama amefariki, basi amefariki ghafla sana."

Lakini hakukubali kuitoa karatasi mpaka apewe ile ya kweli. Bwana Shaibu akarudi, akaichukua kwa Kapteni ikiwa imelowa jasho, akapiga pedali tena. Misa ya Jumatatu ikasomwa vizuri.

Dansi lilipokwisha, Mzee Gama aliondoka na wageni wake bila kuniaga. Fundi Ngonyani alikunja waya zote mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amefanya miaka mingi, na sikujua kama ananisaidia au ananiaga.

Jumatatu asubuhi nikaitwa ofisini. Nilitia funguo mfukoni ili nisirudi tena nyumbani kuzifuata. Mzee Gama alikuwa amekaa, koti lile lile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa." Nikakaa. "Jina langu halikutajwa."

"Ndiyo, Mzee. Ni kosa langu, nilichanganya karatasi."

"Wageni wangu walikaa mstari wa mbele wakingoja. Na yule wa disko alikuwa mlangoni kwangu saa moja asubuhi."

Nikaweka funguo juu ya meza. Alizitazama, hakuzigusa.

"Ile orodha," akasema. "Ilikuwa ya Bombambili peke yake?"

"Ndiyo, Mzee. Ya jumuiya yetu tu."

"Ya kwetu Mfaranyaki haikuwemo."

"Haikuwemo."

Akageukia dirisha. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi na kalamu.

"Bendi wamekwenda Mbinga. Jumapili wakirudi wanapiga tena hapa, nimezungumza nao. Mtu wa disko nimemwambia atafute ukumbi mwingine." Aliandika polepole, akanisogezea. Palikuwa na jina moja tu: Anastazia Gama. Mkewe alifariki kabla mimi sijaanza kazi. Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwa nimemsikia akilitamka jina hilo.

Nikaikunja ile karatasi. Safari hii niliitia mfuko wa suruali, peke yake. Nilipokuwa nanyanyuka na funguo zangu akaniita tena.

"Alikuwa anapenda kukaa nyuma," akasema. "Kule karibu na mlango, apate hewa. Sauti itafika kule?"

"Itafika, Mzee. Nitahamisha spika moja."

"Basi ihamishe leo," akasema. "Tusingoje Jumapili."